Mwanangu anauliza kama kuna viumbe sayari nyingine

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama lishe, nipo Tanga. Mwanangu wa darasa la sita juzi kaja na simu ya kaka yake, ananionyesha video inayosema wamegundua viumbe Mars na serikali zinaficha. Akaniuliza, mama, ni kweli kuna viumbe huko? Na kama hakuna hewa, wanapumua nini? Nikamwambia kula ulale. Lakini na mimi swali limenikaa kichwani. Naomba unijibu kwa lugha ya kawaida, mimi niliishia la saba.

JIBU: Marahaba, mama. Jibu fupi la kumpa leo jioni ni hili: mpaka sasa hakuna mtu aliyepata kiumbe hai hata kimoja nje ya dunia hii, hata kijidudu kisichoonekana kwa macho. Wala hakuna anayeficha. Nimekaa na wanasayansi maisha yangu yote na nawajua. Mwenye habari kama hiyo asingeweza kuikalia siku mbili, wangekanyagana mlangoni kila mmoja akitaka kuitangaza yeye wa kwanza.

Jibu refu linapitia kwenye biashara yako, kwa hiyo vumilia kidogo.

Hiyo video nadhani najua ilikotoka. Wamarekani wana gari lisilo na dereva, Perseverance, linalozunguka Mars tangu Februari 2021. (Vitabu vyetu vingine huiita Mirihi, ni sayari hiyo hiyo.) Lipo kwenye bonde linaloitwa Jezero, ambako zamani sana mto ulimwaga maji ziwani. Julai 2024 lilikuta jiwe lenye ukanda mwekundu na madoa madogo, kila doa jeupejeupe katikati na jeusi pembeni. Wenyewe wakayaita madoa ya chui. Septemba 2025 watafiti wakachapisha walichokiona ndani yake: madini mawili yenye chuma, vivianaiti na greigaiti. Hapa kwetu duniani madini hayo mara nyingi hupatikana kwenye tope ambalo vijidudu wamekuwa wakila mabaki ya vitu vilivyooza.

Mara nyingi, mama, si mara zote. Kemia isiyo na uhai wowote nayo inaweza kuyatengeneza. Ndiyo maana waliandika kwamba ni dalili inayowezekana ya uhai wa kale. Mtu wa video akaondoa neno "inayowezekana", akaondoa na "kale", kilichobaki kikawa "viumbe". Kipande cha jiwe lenyewe kimeshatobolewa na kufungiwa kwenye mrija, kinasubiri kubebwa hadi maabara za duniani, na mpango wa kukileta umekuwa ukisuasua kwa sababu ya gharama.

Ugumu wangu wa kuamini una historia. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilitua Mars, vikaupa udongo chakula, na kipimo kimojawapo kikajibu kana kwamba kuna kitu kinakula. Vipimo vingine vikakataa, na wengi wakahitimisha kuwa ni kemia ya udongo tu. Mwaka 1996 tena, kwenye kimondo cha kutoka Mars kilichookotwa Antaktika, watu waliona vitu kama vijidudu vilivyogeuka mawe. Rais Clinton mwenyewe alisimama mbele ya kamera kulizungumzia. Leo ni wachache wanaolitetea jiwe lile. Ukishaungua mara mbili, sufuria ya tatu unaishika kwa kitambaa.

Sasa hewa. Hapa mwanao ameuliza swali zuri kuliko video yote.

Sisi tunapumua oksijeni, tukadhani kila chenye uhai lazima kiwe nayo. Dunia ina umri wa miaka kama bilioni 4.5. Viumbe wapo walau tangu miaka bilioni 3.5 iliyopita. Oksijeni ilianza kuongezeka hewani miaka kama bilioni 2.4 iliyopita tu. Piga hesabu: zaidi ya miaka bilioni moja viumbe waliishi na kuzaana bila oksijeni ya maana hewani. Na ilipokuja, ililetwa na vijidudu waliojifunza kutumia mwanga wa jua. Kwao oksijeni ilikuwa taka ya kutupa nje, kama moshi wa jiko lako. Wenzao wengi iliwaua.

Wazee wale hawajaisha. Wapo kwenye tope la mashamba ya mpunga, wapo tumboni mwa ng'ombe, na kama una jirani mwenye mtambo wa gesi ya samadi, anawafuga bila kujua. Kundi moja miongoni mwao huishi kwa haidrojeni na kaboni dioksaidi, na hutoa methani, ile ile inayowaka kwenye jiko la jirani. Hawahitaji jua. Hewa yetu ikiingia kwenye mtambo, wanakufa. Mwambie mwanao kwamba wenye kuishi bila hewa yetu hawako mbali, wapo zizini.

Haya, tuje kwenye sufuria.

Una maharage ya zamani yaliyokaa ghalani, una maji ya kisima cha pwani, na wateja wanafika saa sita. Bila msaada utachochea mkaa mpaka jasho likutoke. Kwa hiyo unatia kipande cha magadi. Ninachotaka ukione ni kazi inayofanyika humo. Haragwe limeshikwa na gundi yake ya asili, pektini, na kinachoikaza gundi hiyo ni kalsiamu, yaani chokaa kwa lugha ya nyumbani. Maji ya visima vya pwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa, ndiyo maana birika lako linaota ukoko mweupe ndani. Magadi kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya sodiamu. Kaboneti ikikutana na chokaa haiiachi, inaing'ang'ania mpaka vinakuwa unga mweupe na kutulia chini. Chokaa ikishanyakuliwa, gundi inalegea, na haragwe linaiva.

(Nikiwa hapo hapo: punguza magadi. Yanaharibu vitamini B1, na yale ya kuokotwa ziwani huwa na floraidi, ambayo hufanya meno ya watoto yawe na madoa ya kahawia. Kuloweka maharage usiku kucha kunasaidia sana na hakugharimu kitu.)

Likumbuke moja tu: magadi hunyakua chokaa. Tunakwenda nalo mbali.

Zohali ni ile sayari yenye pete. Kufikia mwaka 2025 ilikuwa na miezi 274 iliyothibitishwa. Mmoja unaitwa Enceladus. Ni mdogo: upana wake ni kilomita 504, kama barabara ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ukipita kidogo. Umefunikwa barafu nyeupe kama sahani mpya, na baridi yake juu ni karibu nyuzi 200 chini ya sifuri. Tangu ulipoonwa mara ya kwanza mwaka 1789 hakuna aliyeutilia maanani sana.

Mwaka 2005 chombo cha anga cha Cassini, kilichokuwa kikizunguka Zohali, kiliona manyunyu yakiruka kutoka ncha ya kusini ya mwezi huo, kwenye nyufa nne ndefu. Ni mvuke na chembe za barafu, na chembe hizo zina chumvi. Kwa hiyo chini ya barafu kuna bahari, tena imethibitishwa kwamba imeuzunguka mwezi mzima. Inapata wapi joto hata isigande? Ukikanda unga wa chapati kwa nguvu, donge linapata uvuguvugu mikononi. Zohali inaukanda mwezi ule. Unapozunguka, mara unavutwa kwa nguvu, mara unaachiwa, na msuguano wa ndani unazaa joto.

Mimi nilifundishwa kwamba kutafuta uhai maana yake ni kutua na kuchimba. Enceladus inakutapikia bahari yake angani bure, unapita tu na kukinga kikombe. Oktoba 2015 Cassini ilipita katikati ya manyunyu hayo kilomita 49 tu kutoka juu ya barafu. Katika safari zake mbalimbali ilikinga methani, vitu vyenye kaboni, na chembe ndogo za silika, madini yale yale ya mchanga, ambazo hutengenezwa pale maji ya moto wa nyuzi 90 au zaidi yanapokutana na mwamba. Ilikuta pia haidrojeni, iliyotangazwa mwaka 2017. Haidrojeni na kaboni dioksaidi, mama. Ndicho chakula cha wale wa mtambo wa samadi.

Tena maji yenyewe yana kaboneti ya sodiamu tele. Wanaokadiria ukali wake huiweka pH kati ya 9 na 11. (pH ni kipimo cha ukali: maji safi ni 7, na kadiri namba inavyopanda juu ya 7 ndivyo maji yanavyozidi kuwa ya kimagadi.) Kwa Kiswahili chetu cha jikoni, ile ni bahari ya magadi.

Kitu kimoja kilikosekana kwa muda mrefu: fosfati. Mkulima anaijua, ni ile anayoifuata kwenye mbolea ya kupandia. Ipo kwenye mifupa yako na kwenye uti wa DNA unaobeba urithi wa kila kiumbe tunachokifahamu. Wapo waliokadiria kwamba Enceladus ingekuwa na kidogo mno, kwa sababu kwenye maji ya kawaida fosfati hushikwa na chokaa, ikawa jiwe, ikazama. Juni 2023 timu iliyoongozwa na Frank Postberg wa Berlin ikachapisha jambo lingine. Walirudi kwenye takwimu za zamani za Cassini. Chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha tangu Septemba 2017, kilipozamishwa makusudi ndani ya Zohali ili siku moja kisije kuiangukia Enceladus na kuichafua kwa vijidudu vya kwetu. Wakapekua chembe za barafu moja moja, na katika chembe 9 fosfati ilijionyesha bila ubishi. Kwa hesabu yao bahari ile ina fosfati walau mara 100 kuliko bahari zetu.

Na sababu wewe unaijua tayari. Magadi yamenyakua chokaa. Chokaa ikishashikwa na kaboneti, haibaki ya kutosha kuifunga fosfati, na fosfati inaelea majini kwa yeyote anayeihitaji. Ni kazi ile ile inayolegeza haragwe lako kabla ya saa sita mchana. Mimi niliposoma ripoti ile nilicheka peke yangu ofisini.

Nilicheka kwa sababu maji ya namna ile nimewahi kuyashika. Nikiwa mwanafunzi tulipelekwa Ziwa Magadi, Kenya, si mbali na mpaka wetu, ng'ambo ya Ziwa Natron. Usidhani utakuta ziwa la kuogelea. Unatembea juu ya ganda jeupe linalokatika chini ya kiatu kama ukoko wa wali, na kwenye mipasuko unaona maji ya rangi ya waridi. Rangi hiyo ni vijidudu, mabilioni yao. Mmoja wao anaitwa Natrialba magadii, jina la kisayansi lililobeba neno letu la jikoni mpaka maabara za dunia nzima. Anastawi kwenye pH ya 9.5 na maji yenye chumvi mara kama sita ya bahari. Ukimtia kwenye maji ya bomba anapasuka.

Pembeni kwenye chemchemi nikachovya kidole, nikakitoa haraka. Maji ya moto, utelezi wake kama wa sabuni. Na ndani yake samaki! Wadogo, urefu wa kidole, jamii ya perege, wanakwangua mwani kwenye mawe kana kwamba wapo kwenye kijito cha Usambara. Wanavumilia joto linalokaribia nyuzi 42 na pH ya 10. Samaki wengine hutoa taka zao kama amonia kupitia mashavu, lakini kwenye magadi amonia haitoki vizuri, ingewaua. Hawa wameigeuza kuwa urea, kama iliyo kwenye mkojo wetu. Nilikaa pale nikiwatazama mpaka mwalimu akaja kunivuta shati.

Hapa lakini lazima nijizuie, maana ndipo watu wa video wanapoteleza. Samaki wale hawakuanzia kwenye magadi. Babu zao walikuwa perege wa maji ya kawaida, ziwa likawabadilikia polepole, waliobaki ndio waliozoea. Na vijidudu wa waridi wanategemea jua na hewa yetu. Ziwa Magadi linathibitisha kwamba uhai ukishakuwepo unaweza kuhamia mahali pabaya sana. Halisemi kama unaweza kuanzia hapo, gizani, chini ya barafu. Hayo ni maswali mawili, na la pili hatuna jibu lake.

Wapo waliojaribu kulisogelea. Mwaka 2018 watafiti wa Vienna waliwachukua wale wanaotoa methani, aina iliyotoka kwenye chemchemi za moto chini ya bahari karibu na Okinawa, Japani, wakawaweka kwenye chungu cha maabara chenye gesi na mgandamizo unaokadiriwa kuwa wa Enceladus. Wakaishi, wakatoa methani. Kwa hiyo wangeweza kuishi kule. Lakini unga, maji na moto vikiwa jikoni bado si ugali, mpaka awepo wa kusonga.

Tena kuna hoja moja inayonisumbua, na wewe utaielewa kuliko maprofesa. Haidrojeni iliyokutwa kwenye manyunyu ni nyingi. Ukirudi kwenye banda lako saa tisa alasiri ukakuta sufuria ya maharage bado imejaa, unafikiri nini? Ama wateja hawakuja, ama ni wachache na ulipika kingi kuliko matumbo yao. Kama vijidudu wangekuwa tele kwenye bahari ile, kwa nini chakula chao kinamwagika angani hakijaguswa? Wenzangu wengine wanajibu kwamba wateja wapo, ila ni wachache. Mimi nasita. Ukinilazimisha kuchagua mahali pamoja pa kutafuta viumbe walio hai leo, nitachagua Enceladus kabla ya Mars, lakini shamba langu siweki rehani.

Sayari za mbali, zinazozunguka nyota nyingine, nazipitia upesi tu. Ya kwanza kuzunguka nyota kama jua letu ilipatikana mwaka 1995, na sasa zimethibitishwa zaidi ya 6,000. Aprili 2025 kulikuwa na kelele kuhusu moja, K2-18b, iliyo umbali wa miaka nuru 124 (yaani mwanga wenyewe huchukua miaka 124 kufika), kwamba hewa yake ina gesi ambayo kwetu hutolewa na vijimea vidogo vya baharini. Timu nyingine zikapekua takwimu zile zile, nyingi hazikuona cha kushikika. Na wageni wa kutua na chombo, wale wa kwenye filamu? Chombo chetu cha Voyager 1 kinakimbia kilomita 17 kila sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa hadi nyota ya jirani kabisa unachukua miaka kama 75,000. Mtoto asiogope kwenda chooni usiku.

Anachoweza kukisubiri ni karibu zaidi. Chombo cha Europa Clipper kiliondoka Oktoba 2024 kwenda kuchunguza mwezi mwingine wenye bahari chini ya barafu, Europa wa sayari ya Mshtarii. Kitafika mwaka 2030, mwanao akiwa sekondari. Hakikutumwa kutafuta viumbe, kimetumwa kuangalia kama pale pangefaa kuishi. Kurudi Enceladus, Wazungu wa Ulaya wanapanga kurusha chombo miaka ya 2040. Mtoto wa darasa la sita leo atakuwa na umri wa kufanya kazi hiyo mwenyewe.

Kwa sasa mpe jaribio. Achukue glasi mbili za kioo, moja ya maji ya kisima, nyingine ya maji ya mvua. Pembeni ayeyushe kipande cha magadi kwenye kikombe cha maji ya mvua, aache uchafu utulie, achuje kwa kitambaa mpaka maji yawe maangavu kabisa. Asiyaonje na asijiguse macho. Kisha amimine vijiko vitatu vya maji hayo kwenye kila glasi na kusubiri. Ya mvua itabaki ilivyo. Ya kisima itaingia ukungu, kama imedondoshewa maziwa, na baadaye unga mweupe utatulia chini. Ule unga ni chokaa iliyonyakuliwa. Na kama ya kisima nayo haikubadilika, basi maji yako ni laini kuliko nilivyodhani, na magadi unayonunua kila wiki si ya lazima sana kwako.